Kukimbia tena baada ya kurefushwa miguu: sikiliza vigimbi kuliko kalenda

Nilirefushwa miundi yote miwili kwa sentimita 6. Sikuwa na kilema wala sikupata ajali, nilitaka kimo tu, na sitatumia nafasi hii kujitetea. Ninachotaka kuzungumzia ni mbio, kwa sababu kabla ya upasuaji nilikuwa mkimbiaji wa kawaida wa kilomita 10, na wengi wanaofikiria jambo hili huambiwa kwa ufupi kwamba "baada ya mwaka utakuwa sawa". Sawa kwa kutembea, labda. Kukimbia ni kazi nyingine.

Mfupa hukatwa, huachwa kwa siku 5 hadi 7, kisha sehemu mbili zilizokatwa hutenganishwa taratibu, kama milimita 1 kwa siku, mara nyingi kwa awamu nne za robo milimita. Mwili hujaza pengo kwa mfupa mpya. Njia hii iliasisiwa na Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan huko Siberia, kuanzia miaka ya 1950. Mfupa, kwa kweli, ni hodari. Wanaobaki nyuma ni misuli, kano na neva, ambazo zinavutwa zifuate mfupa zipende zisipende. Kwa aliyerefushwa muundi, anayelia zaidi ni kigimbi pamoja na ukano wa kisigino. Kisigino huanza kukataa kugusa chini, unyayo unaelekea chini kama wa mtu anayenyata, na usipofanya mazoezi ya kunyoosha kila siku tangu siku za kurefusha, unaweza kulazimika kupasuliwa tena ili ukano ulegezwe.

Ukitembea polepole kasoro hiyo hujificha. Ukikimbia haina pa kujificha. Kila hatua ya mbio ni kuruka kutoka mguu mmoja na kutua kwa mwingine, na unapotua ardhi inakusukuma kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kigimbi na ukano wake hubeba zaidi ya hapo, kwa sababu ndio wanaozuia kifundo kisiporomoke na ndio wanaokurusha mbele. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na eksirei nzuri kabisa, mfupa umeunga pande zote, lakini akijaribu kukimbia anaonekana kama anapiga ardhi kwa magogo.

Daktari ndiye wa kusema mfupa umekomaa kiasi cha kubeba mishindo, na hapo sibishani na mtu. Baada ya ruhusa hiyo, mimi niliacha kuhesabu miezi nikaanza kupima miguu. Kipimo cha kwanza ni cha ukutani: weka ncha ya kidole gumba sentimita 10 kutoka ukutani, kisha peleka goti liguse ukuta huku kisigino kikiwa chini. Kama goti halifiki, kifundo bado kigumu. Cha pili, simama kwa mguu mmoja, inuka kwa ncha za vidole hadi juu kabisa na ushuke taratibu. Mtu mzima mwenye afya hukaribia mara 20 au 25. Mwanzoni nilikuwa siwezi hata moja kamili, ingawa nilikuwa natembea bila magongo na kila mtu ananipongeza. Kuna pia kushuka ngazi kwa mguu mmoja bila nyonga kuporomoka upande, na kutembea kwa kasi nusu saa bila kuchechemea na bila kuamka na uvimbe kesho yake. Kurukaruka papo hapo, miguu miwili na baadaye mmoja, kunakuja mwishoni.

Hapa kuna jambo ambalo hata wataalamu wa fiziotherapia wakati mwingine hulipita. Mgonjwa wa goti au mfupa uliovunjika hupimwa kwa kulinganisha mguu mbovu na ule mzima. Ukifikia asilimia 90 ya mwenzake, mbio zinaruhusiwa. Sisi tuliorefushwa miguu yote hatuna mguu mzima. Miguu miwili dhaifu inaweza kulingana vizuri sana na bado isiwe tayari. Kwa hiyo, kama hujapasuliwa, jipime sasa: hesabu unainuka mara ngapi kwa kila mguu, pima kifundo ukutani, mwombe mtu akurekodi video ukikimbia, kwa nyuma na kwa ubavuni. Hicho ndicho kipimo chako cha baadaye, na hakuna atakayekutengenezea ukishatoka chumba cha upasuaji.

Waliorefushwa mapaja wana adha tofauti kidogo. Kwao hukaza misuli ya mbele ya nyonga, ya mbele ya paja na ule utepe wa pembeni unaoshuka hadi gotini, na misuli ya makalio inakuwa dhaifu hata mtu akayumba kama bata. Waanze na makalio na goti kabla ya kufikiria kigimbi.

Nilipoanza, nilikimbia dakika moja na kutembea tatu, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwenye njia tambarare. Inachosha akili kuliko mwili. Unaongeza dakika za kukimbia kwanza, kasi baadaye sana, na huongezi vyote viwili wiki moja. Hukumu haitolewi wakati wa mbio, inatolewa kesho yake asubuhi: kigimbi kilichokaza kidogo na kulegea baada ya kutembea si tatizo. Maumivu ya sehemu moja kwenye mfupa, ambayo unaweza kuyagusa kwa kidole, ni ya kusimamisha kila kitu na kupiga eksirei. Vivyo hivyo ganzi inayoongezeka au unyayo unaoburuza. Neva inayopita pembeni chini ya goti huweza kuumia katika kurefusha, na haiponi kwa kukimbizwa.

Usirefushe hatua eti kwa sababu miguu imerefuka. Kishawishi kipo, nakiri ni kitamu. Lakini hatua ndefu inakufanya utue mbali mbele ya mwili, na kifundo kigumu hakina namna ya kupokea mshindo huo. Mimi nilifupisha hatua na kuzifanya za haraka zaidi, na goti likatulia. Goti lenyewe linasumbua kwa sababu nyingine: chuma cha ndani ya muundi, yaani fimbo inayoushikilia mfupa unaporefushwa, huingizwa kupitia mbele ya goti, kwa hiyo kupiga magoti na kukimbia mteremko vinaweza kuuma kwa muda mrefu. Viatu vyenye kisigino kilichoinuka kidogo husaidia mwanzoni, ila visiwe kisingizio cha kuacha kunyoosha. Sigara achana nayo, inachelewesha mfupa kuunga.

Wanaojipa moyo hupenda kumtaja Valeriy Brumel, bingwa wa kuruka juu wa Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Alivunjika vibaya mguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1965, akatibiwa na Ilizarov, akaruka tena zaidi ya mita 2. Ni kweli. Ila rekodi yake ya dunia ilikuwa mita 2.28, na huko hakurudi. Mimi kilomita 10 nimezirudia, kasi ya zamani sijaiona, hasa pale mwishoni unapotaka kukurupuka. Mtu ambaye riziki yake iko kwenye mbio, mchezaji wa soka au askari, sitamshauri aguse upasuaji huu.

Panga pia mbio zako ukijua kwamba vyuma vya ndani kwa kawaida hutolewa, mara nyingi baada ya mwaka au zaidi. Vikitolewa huacha matundu ya skrubu, na kwa wiki kadhaa mfupa ni rahisi kuvunjika hapo. Usijiandikishe mashindano karibu na tarehe hiyo. Subiri ruhusa ya daktari, kisha anza upya na dakika moja ya kukimbia kwa tatu za kutembea, hata kama mwezi uliotangulia ulikuwa unamaliza kilomita 5 bila kusimama.