Mshiriki akisinzia ndani ya mashine: kwa wanaoanza utafiti wa sonona na usingizi

Mshiriki mwenye sonona anapofika chumba cha MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, muulize kwanza: jana ulipata usingizi saa ngapi, na ulishtuka mara ngapi? Andika jibu kabla hajapanda kitandani. Mtu aliyekesha, ukimlaza dakika 10 gizani na kumwambia atulie, atasinzia. Ukimlinganisha na mwenye afya aliyelala vizuri, utaandika tasnifu nzima juu ya sonona kumbe ulichopima ni tofauti ya aliyelala na aliye macho.

Hata wenye afya husinzia. Mwaka 2014 Enzo Tagliazucchi na Helmut Laufs walichambua data za watu 1,147, wakaona karibu theluthi moja walishaanza kuchukuliwa na usingizi ndani ya dakika 3. Usingizi ukiingia, thalamasi, kituo cha kupitishia taarifa katikati ya ubongo, hupunguza mawasiliano na gamba la ubongo, na ishara ya ubongo mzima hupanda na kushuka kwa nguvu zaidi. Mtandao wa mapumziko, ule tunaouona ukichangamka mtu anapowaza mambo yake mwenyewe, kwa kawaida hupishana na mitandao ya umakini: mmoja ukipanda mwingine hushuka. Kwa anayesinzia kupishana huko hufifia. Na hapo hapo ndipo wengi wetu tunapotafuta alama ya sonona.

Kwa hiyo picha ya mapumziko, ile inayopigwa mtu akiwa ametulia bila kazi yoyote, iwe ya mwanzo kabisa, kabla mtu hajachoka na kelele za mashine. Macho yawe wazi, yakitazama alama ya msalaba, na kamera ya macho iwashwe kama ipo. Kipindi kikiisha tu, mpe kipimo cha Karolinska, cha kujipima usingizi alionao kuanzia 1 (macho kabisa) hadi 9 (usingizi mzito), kabla hujasema neno lingine. Ukichelewa, atakuwa ameshazinduka. Usiwapange wagonjwa mchana baada ya chakula na wenye afya asubuhi. Aliyezoea kahawa usimkataze ghafla siku hiyo, andika tu saa aliyokunywa.

Anayesinzia pia hutikisa kichwa, hasa anaposhtuka. Wengi hutupa picha zilizosogea zaidi ya milimita 0.5 kutoka picha iliyotangulia, na wenye masharti makali hukata kwenye 0.2. Chochote utakachochagua, onyesha wastani wa mwendo wa kila kundi. Kuondoa ishara ya ubongo mzima husaidia kusafisha, lakini hesabu yenyewe huzalisha uhusiano hasi, basi fanya uchambuzi mara mbili, hatua hiyo ikiwemo na bila hatua hiyo.

Hojaji ndizo zinazowaangusha wengi. PSQI, hojaji ya ubora wa usingizi yenye alama 0 hadi 21, huuliza kuhusu mwezi uliopita, na zaidi ya 5 huhesabiwa usingizi mbaya. PHQ-9, hojaji ya dalili za sonona, huuliza wiki 2 zilizopita. Mashine hupima dakika chache za leo. Usizichukulie kama zinasema habari moja. Shajara ya usingizi ya siku 7 kabla ya kipimo huziba pengo hilo vizuri. Swali la 3 la PHQ-9 limeunganisha kukosa usingizi na kulala kupita kiasi, hivyo alama 3 haikuambii ni lipi. Uliza mwenyewe. Tena swali hilo ni sehemu ya jumla ya sonona: ukihusisha PSQI na jumla ya PHQ-9 bila kuliondoa, unahusisha usingizi na usingizi.

Orodhesha dawa kwa jina, kipimo na tarehe ya kuanza. Dawa nyingi za sonona hupunguza usingizi wa REM, ule wenye ndoto nyingi, na mirtazapine huleta usingizi waziwazi. Mwaka 2019 Chao-Gan Yan na wenzake, kwa data za wagonjwa 1,300 wa China, walikuta muunganiko wa mtandao wa mapumziko umepungua kwa waliorudiwa na sonona, ilhali tafiti nyingi ndogo za awali zilisema umeongezeka. Upungufu huo ulihusiana na matumizi ya dawa.

Hojaji isomwe mshiriki akiwa bado yupo. Swali la 9 la PHQ-9 linahusu mawazo ya kujiua au kujidhuru, na jibu lolote zaidi ya 0 linahitaji daktari azungumze naye siku hiyo hiyo, kabla hajatoka mlangoni. Jina na simu ya daktari huyo viwe ukutani kabla ya mshiriki wa kwanza kuingia.