Maswali na majibu: pakiti ya pembe tatu, mashine ya viungo na ugomvi wa chipu

Barua za safari hii zimegusa mashine za kufungashia, vifaa vya kompyuta na namna sauti inavyosafirishwa. Zote zinaishia mlango mmoja, nao ni hataza: haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu, siku hizi kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya maombi. Naye anatakiwa auweke wazi, uchapishwe, kila mtu ausome.

Nilisoma shule ya msingi miaka ya themanini. Maziwa ya Nyayo yalikuja kwa pakiti ya pembe tatu, tukawa tunang'ata ncha na kufyonza. Umbo lile lilitoka wapi? (Msomaji, Nakuru)

Chukua karatasi ya daftari uikunje iwe bomba. Bana mdomo wa chini kwa vidole ulale bapa, kutoka kushoto kwenda kulia. Sasa bana mdomo wa juu, ila mara hii kutoka mbele kwenda nyuma. Hiyo uliyoshika ndiyo pakiti yako ya utotoni: pande nne, kila upande pembe tatu, bila kitako wala kifuniko cha kukatwa kando.

Umbo hilo lilibuniwa mwaka 1944 na Erik Wallenberg, mfanyakazi wa maabara kwenye kampuni ya Ruben Rausing mjini Lund, Uswidi. Maombi ya hataza yakapelekwa mwaka huohuo kwa jina la Rausing. Mimi jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka, kwa sababu Wallenberg alikuja kutambuliwa hadharani akiwa mzee.

Lakini umbo lilikuwa nusu tu ya kazi. Uzuri wenyewe uko kwenye mashine. Karatasi inatoka kwenye roli, inageuzwa kuwa bomba refu lisilokatika, maziwa yanamiminwa ndani, kisha taya za moto zinalibana bomba *chini ya usawa wa maziwa*. Taya zinaziba zikipitia kwenye maziwa yenyewe. Hewa haibaki, povu halibaki, kila pakiti inatoka na kipimo kilekile. Inasimuliwa kwamba aliyetoa wazo la kujaza mfululizo, kama watu wanavyojaza soseji, ni Elisabeth, mke wa Rausing. Tetra Pak ilianzishwa 1951, na mashine ya kwanza ikafungwa kwenye kiwanda cha maziwa cha Lund mwaka 1952, ikijaza krimu. Miaka minane tangu wazo mpaka mashine! Kasoro ya umbo ilikuwa kwenye kupanga: piramidi hazikai vizuri ndani ya kreti ya kawaida, ikabidi zitengenezewe kreti za pande sita. Ndiyo maana mwaka 1963 likaja umbo la tofali, lile unaloliona dukani leo.

Shikamoo. Nimeunda mashine ndogo ya kujaza na kuziba pakiti za viungo. Nane Nane iliyopita niliionyesha bandani, watu wakapiga picha. Sasa jirani ana inayofanana nayo. Nimechelewa? (Mjasiriamali, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Kwa kile kilichoonekana kwenye banda, huenda umechelewa. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na kilichokwisha kuonyeshwa hadharani kabla ya maombi huhesabiwa kuwa si kipya tena. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mvumbuzi nafasi ya miezi 12 baada ya kukionyesha mwenyewe, lakini nchi nyingi hazina huruma hiyo. Nenda BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara na hataza Tanzania, wiki hii, uwaambie tarehe ya maonyesho bila kuificha. Na kwa sasa huna cha kumzuia jirani, maana hakuna hataza.

Ila usikate tamaa, jiulize: picha zilipigwa upande gani? Mwenye kufungasha viungo anajua adha moja. Unga wa pilipili manga au bizari unaporuka, unakaa kwenye mdomo wa pakiti. Taya zikibana, plastiki haishikani pale penye vumbi, na baada ya siku mbili pakiti inavuja ndani ya katoni. Kama ndani ya mashine yako kuna kitu kinacholizuia vumbi hilo, tuseme funeli inayoshuka mpaka ndani ya pakiti na kujifunga kabla haijapanda, na hakuna aliyekiona wala kuelezwa, basi hicho ndicho cha kuombea. "Mashine ya kufungasha viungo" haipewi hataza, zipo tele. Kinachopewa ni namna yako ya kutatua tatizo.

Wakubwa nao wameumia hapohapo. Kompyuta ya ENIAC ilizinduliwa mbele ya waandishi wa habari Februari 1946, Marekani. Wabunifu wake, Eckert na Mauchly, waliomba hataza Juni 1947, na ikatolewa 1964. Tarehe 19 Oktoba 1973 Jaji Earl Larson akaifuta. Sababu mojawapo: mashine ilikuwa imetumika hadharani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi, na mwaka mmoja ndio ulioruhusiwa. Sababu nyingine ni kwamba Mauchly alichota mawazo kwa John Atanasoff, mhadhiri wa Iowa ambaye Mauchly alikwenda kumtembelea mwaka 1941. Na huyo Atanasoff? Chuo chake hakikuwahi kupeleka maombi. Alishinda heshima, hataza hakupata.

Watu wawili wakibuni kitu kimoja kwa wakati mmoja, nani anapewa? (Mwanafunzi wa chuo, Mbeya)

Siku hizi, karibu kote duniani, aliyetangulia kuwasilisha maombi. Zamani Marekani waliangalia nani alitangulia kubuni, na kesi ya chipu, kile kipande kidogo kinachobeba saketi nzima ya umeme, ni ya kusoma mara mbili.

Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha saketi yake Septemba 1958, kipande cha jemaniamu chenye nyaya nyembamba zilizopinda juu yake kama nywele. Akaomba Februari 1959. Robert Noyce wa Fairchild akaomba Julai 1959, yeye akitumia silikoni yenye njia za alumini zilizolala juu ya ngozi ya oksidi, bila nyaya za kuungwa kwa mkono. Noyce akapata hataza 1961, Kilby 1964. Wakashtakiana. Mwisho wake uligeukia maneno: Kilby aliandika kwamba dhahabu "inalazwa" juu ya kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, Noyce akaandika kwamba metali "imeshikamana" nacho. Mwaka 1969 mahakama ikasema kulazwa si lazima kuwe kushikamana, ikampa Noyce. Makampuni yenyewe yalikuwa yameshakubaliana tangu 1966 kupeana leseni. Kilby alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Noyce alikuwa amefariki 1990.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukifika kuandika sehemu ya madai kwenye maombi, pale unapotaja hasa unachodai kuwa chako, pima kila kitenzi.

Ni kweli Bluetooth ilibuniwa na mcheza sinema? (Fundi simu, Kariakoo)

Si Bluetooth yenyewe. Hedy Lamarr, mwigizaji mzaliwa wa Austria, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipata hataza ya Marekani namba 2,292,387 Agosti 1942. Waliazima karatasi zenye matundu za piano zinazojipiga, ili redio inayoongoza topido irukeruke katika masafa 88, idadi ya vibonye vya piano, adui asiweze kuivuruga. Jeshi halikuitumia katika vita ile, na hawakulipwa kitu. Bluetooth ya kawaida inatumia wazo la jamii hiyohiyo: inaruka mara 1,600 kwa sekunde ndani ya chaneli 79.

Nina studio ndogo. Nikitoa nyimbo kwa MP3 nadaiwa na wavumbuzi? (Mombasa)

Hapana. Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilifunga mpango wake wa leseni za MP3 Aprili 2017, muda wa hataza ulipokwisha. Lakini wimbo wenyewe una hakimiliki ya mtunzi, na hiyo ni sheria nyingine kabisa.

Hataza ya Tanzania inanilinda Kampala na Goma? (Bukoba)

Hapana, kila hataza inaishia mpakani. Kupitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la hataza lililoko Harare, unaweza kwa maombi mamoja kuzitaja Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Kongo haimo, kule unaomba peke yake. Ukishaomba nchi moja, una miezi 12 ya kuomba kwingine huku ukihesabiwa tarehe ileile ya kwanza.

Hizi hataza za zamani zinasomwa wapi? (Wasomaji kadhaa)

Bure, kwenye tovuti za Espacenet na Google Patents. Andika namba, kwa mfano ile ya Lamarr, bila mkato. Anza na michoro. Kisha ruka mpaka sehemu ya madai mwishoni, kwa hataza za Marekani za wakati ule, usome dai la kwanza polepole, kidole kikiwa kwenye mchoro. Halafu angalia tarehe. Ikiwa muda wake umekwisha, ruhusa ya kuujenga uvumbuzi huo unayo tayari.