Usilipie Aljebra ya Kati kabla hujajua shahada yako inadai hesabu gani

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: kama uichukue Aljebra ya Kati, lile darasa la hesabu la maandalizi lililo chini ya kiwango cha chuo, kwa wiki tano za kiangazi au usubiri ile ya wiki kumi na sita, ununue kikokotoo cha aina gani, na utarudishaje kichwani mambo uliyoyaacha shuleni miaka minane iliyopita. Nimesoma swali lako mara mbili nikitafuta sentensi moja ambayo haimo. Umesema unataka shahada ya uuguzi, umesema mshauri wa masomo wa chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili ya mwanzo, hapo Dallas amekuelekeza uanze na Aljebra ya Kati, na umesema unalipa Ijumaa. Hujasema popote kwamba umeuona kwa macho yako mpango wa shahada wa chuo kikuu unakotaka kuhamia. Basi usilipe Ijumaa.

Nitakueleza yaliyonipata, kwa sababu ninayaona yakikujia vilevile yalivyonijia mimi.

Nilifika Texas mwaka 2014 kwa viza ya bahati nasibu, nikiwa na cheti cha kidato cha nne chenye C ya hesabu, na C ile niliionea fahari kwa sababu darasani kwetu wengi walipata F. Mwaka uliofuata niliamua kuacha kubeba maboksi na kusomea uuguzi. Kaka mmoja tuliyekuwa tukisali naye alinihakikishia kwamba hesabu za Marekani ni za watoto, na kwamba mtihani wa kupangwa ngazi ni utaratibu tu wa kujaza faili. Nilimwamini kwa sababu alikuwa amenitangulia kwa miaka sita, na kwetu aliyetangulia ndiye anayeonyesha njia. Niliingia kwenye chumba cha mtihani saa mbili asubuhi nikitoka zamu ya usiku ya kulea wazee. Mtihani huo, ambao hapa Texas unaitwa TSI, hauna kikomo cha muda. Unaruhusiwa kulikalia swali moja nusu saa ukitaka. Mimi nilimaliza wote kwa dakika thelathini na tano kwa sababu nilitaka kulala. Wakati ule alama ya kufaulu hesabu ilikuwa 350, nami nikapata 338.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba mtihani ule unaweza kurudiwa, na kwamba chuo kinatakiwa kumpa mtahiniwa zoezi la maandalizi kabla hajaufanya. Zoezi nilipewa. Nilibofya kurasa zote hadi ya mwisho bila kusoma hata moja, kwa kuwa nilikuwa nimeshaambiwa kuwa ni utaratibu tu. Wiki mbili za kurudia sehemu, vipeo na milinganyo zingeweza kunipandisha zile alama kumi na mbili. Badala yake nililipia mihula.

Hata hivyo, mtihani haukuwa kosa kubwa kuliko yote. Kosa kubwa lilitokea ofisini kwa mshauri wa masomo siku ileile mchana. Nilimwambia kwamba nataka uuguzi, akatazama alama zangu kwenye skrini, akachukua kipande cha karatasi na kuandika Aljebra ya Awali, kisha mshale, Aljebra ya Kati, kisha mshale, Aljebra ya Chuo. Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Hakuniambia neno hata moja la uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ngazi aliyoichora ipo kweli, ila inapanda kwenda kwenye kalkulasi, na mimi sikuwa ninaelekea huko. Hakuniuliza ni chuo kikuu kipi ninachokilenga, wala hakufungua ukurasa wowote wa programu ya uuguzi. Alikuwa na foleni ndefu nje ya mlango, nami nilikuwa na usingizi, na kati ya foleni yake na usingizi wangu ikapotea miaka miwili.

Muhula wa kwanza nikasoma Aljebra ya Awali na kufaulu. Muhula wa pili, mwanzoni mwa 2016, nikaingia Aljebra ya Kati. Milinganyo ya mstari mnyoofu haikunisumbua, na ile ya herufi mbili zisizojulikana niliifurahia. Nilizama tulipofika kwenye sehemu ambazo asili yake ina herufi. Ukipewa 2/(x − 3) na 5/(x² − 9) uzijumlishe, kazi yote ni ileile ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika tuliyofundishwa shule ya msingi, lakini asiyeona mara moja kwamba x² − 9 ni (x − 3)(x + 3) hawezi kukipata, na mimi sikuona. Kazi za nyumbani zilifanyika kwenye programu ya mtandaoni yenye kitufe cha kuonyesha mfano uliokwisha kufanyiwa hatua zote, kwa hiyo nilikuwa nikinakili hatua na kubadili namba, nikipata asilimia 96 nyumbani na asilimia 51 kwenye chumba cha mtihani. Baada ya jaribio la tatu nilijiondoa darasani, nikaandikiwa W, alama ya aliyejiondoa. Nikairudia Agosti, safari hii nikikaa kituo cha mafunzo ya ziada kila Jumanne na Alhamisi kabla ya zamu, nikapata B. Muhula uliofuata nikachukua Aljebra ya Chuo na kupata C.

Mwezi wa tisa mwaka 2017 nilikwenda kwenye kikao cha maelezo cha programu ya uuguzi ya chuo kikuu nilichokuwa nikikitamani tangu nifike. Mama mmoja wa udahili aliichukua nakala ya matokeo yangu, akaishusha kalamu mstari kwa mstari. Aljebra ya Awali akaipigia mstari na kusema haihamishiki, yaani kwao haihesabiwi. Aljebra ya Kati, mara zote mbili, haihamishiki. Aljebra ya Chuo ilihamishika, lakini haikuwa hesabu waliyoidai, na ile C ilikuwa imeshaushusha wastani wangu wa alama, ambao ndio waliokuwa wakiwashindanisha nao waombaji. Kisha akaniuliza kwa upole, bila nia mbaya kabisa, "Takwimu umeisoma lini?" Sikuwa nimeisoma. Hakuna mtu aliyewahi kunitajia Takwimu. Mihula minne ya hesabu, na hesabu moja waliyoitaka haimo.

Ndiyo maana nakupigia kelele. Kwenye vyuo vya umma vya Texas kila shahada ya kwanza ina masomo ya msingi yenye krediti 42 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), na katika hizo hesabu ni krediti tatu tu. Krediti hizo tatu zinaweza kutoka kwenye Aljebra ya Chuo, ambayo namba yake ni MATH 1314. Zinaweza kutoka kwenye hesabu za matumizi ya kila siku, MATH 1332. Au zinaweza kutoka kwenye Takwimu, MATH 1342. Mhandisi, mkemia na mwanauchumi wanahitaji njia ya kwanza, na kwao Aljebra ya Kati ni msingi wasioweza kuuruka. Sitaki unielewe kwamba nalidharau somo lenyewe, maana ni somo zuri na mwalimu aliyenifundisha mara ya pili nitamshukuru siku zote. Programu nyingi za shahada ya uuguzi, kwa upande mwingine, zinadai Takwimu. Na Takwimu haikuombi ujumlishe sehemu zenye x² chini. Inakuomba usome grafu, uelewe asilimia, uingize namba kwenye kanuni bila kukosea mpangilio wa matendo, ufahamu mstari mnyoofu unapanda kwa kasi gani, kisha ujifunze mambo mapya kabisa kama vile namna data zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Mambo mengi yaliyonitoa jasho katika Aljebra ya Kati, yaani vipeuo, logi na sehemu za herufi, sikuyakuta humo nilipoisoma hatimaye.

Jambo la pili ambalo sikuambiwa, na hapo wewe una bahati kunizidi, ni kwamba mwaka 2017 bunge la Texas lilipitisha sheria ya kuvitaka vyuo vipeleke wanafunzi walioshindwa mtihani wa ngazi moja kwa moja kwenye darasa la kiwango cha chuo, huku wakisoma muhula huohuo darasa pacha la kuwasaidia. Kituo cha Charles A. Dana cha Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kimefanya kazi kubwa ya kueneza wazo la kila mwanafunzi kusoma hesabu inayolingana na shahada yake. Kwa hiyo hata kama alama zako hazitoshi, usikubali haraka kupelekwa Aljebra ya Kati peke yake. Uliza kwanza kama chuo chako kina Takwimu yenye darasa pacha. Na kama hujaridhika na alama, omba kuurudia mtihani. Toleo la sasa, TSIA2, limeanza kutumika Januari 2021, na hesabu unahesabiwa umefaulu ukifikisha 950, au ukiwa chini ya hapo na kupata ngazi ya 6 kwenye sehemu ya uchunguzi inayofuata. Ulale usiku kucha kabla ya kwenda.

Kuna na fedha, ambazo wengi hapa jukwaani wanazizungumzia kana kwamba ni za bure. Umesema una kadi ya ukaazi na umeshajaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwa hiyo huenda ruzuku ya Pell, fedha za serikali kuu zisizorudishwa, ikakulipia. Fahamu kwamba ruzuku hiyo ina kikomo cha mihula kumi na miwili katika maisha yako yote, na kwamba msaada wa serikali kuu haulipii zaidi ya krediti 30 za masomo ya kurekebisha kiwango, kama hiyo Aljebra ya Kati. Muhula unaoutumia kwenye darasa lisilohamishika umetoka kwenye ile kumi na miwili, na haurudi. Mimi ile ruzuku iliniishia nikiwa bado na muhula mmoja wa mafunzo ya hospitalini, nikaumalizia kwa mkopo ambao bado naulipa. Kila wanaponikata, mwisho wa mwezi, nakumbuka ile mishale miwili kwenye kipande cha karatasi.

Nawakasirikia pia wenzetu wanaojibu maswali kama lako kwa maneno mawili, "chukua tu, ni rahisi." Rahisi kwa nani, na kwa shahada gani? Aliyesomea kompyuta anamshauri anayesomea uuguzi, aliyesoma Minnesota anamshauri aliyeko Texas, na wote wanasema kwa uhakika uleule. Yule kaka yangu wa kanisani alikuwa amesomea uhasibu, nami sikujua hata kumuuliza.

Fanya hivi kabla ya Ijumaa. Chagua vyuo vikuu viwili au vitatu ambavyo kweli ungependa kuhamia, utafute kwenye tovuti zao mpango wa shahada ya uuguzi, na usome mstari wa hesabu wewe mwenyewe. Kisha waandikie baruapepe watu wa udahili wa uuguzi, siyo wa chuo cha jamii, uwaulize mambo mawili tu: ni darasa gani la hesabu, kwa namba yake, wanalolidai kwa mwanafunzi anayehamia, na ni alama gani ya chini wanayoikubali. Lazima jibu liwe la maandishi. Ukilipata, lichapishe, uende nalo kwa mshauri wako na kumwekea mezani, umwombe akupangie njia fupi kuliko zote ya kufika kwenye darasa hilo, kwa kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Usione haya, hutamkosea heshima, na mara nyingi utamrahisishia kazi.

Kuhusu wiki tano za kiangazi: darasa la krediti tatu lina saa 48 za kufundishwa, kwa hiyo kwa wiki tano ni karibu saa kumi kwa wiki badala ya tatu, kabla hujafungua daftari la kazi za nyumbani. Umesema unafanya kazi saa arobaini. Kwa hali hiyo ningekataa, iwe ni Aljebra au Takwimu.

Leo ni Jumanne. Huenda watu wa udahili wakakujibu ndani ya siku mbili ukiandika asubuhi, na ukiona kimya kufikia Alhamisi saa nne, piga simu. Jibu ukilipata lilete hapa kwenye uzi tulisome pamoja, kwa sababu kwenye uzi huu kuna wengine wawili wanaolipa wiki hii hii.