Pikapu yako inabeba kilo ngapi hasa? Maswali na majibu

Wauzaji wanaiita "pikapu ya tani moja". Ina maana naruhusiwa kupakia kilo 1,000 kwenye bodi?

Usilitegemee jina. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo yake, au inua boneti: kuna kibati cha mtengenezaji kinachotaja uzito wa juu wa gari likiwa limebeba kila kitu. Toa humo uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho uwezo wa kubeba, na wengi hukosea hapohapo, kwa sababu kiasi hicho si cha mizigo ya nyuma peke yake. Abiria wamo, bampa la chuma ulilofunga baadaye limo, keria na sanduku la zana vimo pia.

Tuseme kibati kinasema kilo 2,900 na gari tupu lina 1,950. Zimebaki 950. Wakipanda watu wanne wa kilo 75 kila mmoja, toa 300. Bampa na keria vikiwa na kilo 80, na zana 40, kwenye bodi unabaki na 530 tu. Soma pia kitabu cha gari ujue kama uzito wa gari tupu umeshahesabu dereva na tenki lililojaa. Watengenezaji hawafanani katika hili.

Sina mizani. Nitakadiriaje uzito?

Kwa maji ni rahisi: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo pipa la lita 200 lina kilo 200 kabla hujahesabu pipa lenyewe. Mchanga ndio unaowaponza watu. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban kilo 1,600, na ukilowa hukaribia 2,000. Bodi yenye urefu wa mita 1.5, upana huohuo na kina cha sentimita 45 huchukua mita moja ya ujazo. Ukiijaza hadi ukingoni umepakia mara tatu ya zile kilo 530! Kwa gari letu la mfano, mchanga mkavu uliosambazwa sawasawa usifike kina cha sentimita 15, na mbichi usifike hata 12.

Hata hivyo, kipimo cha uhakika ni mizani ya magari. Pima gari zima, kisha ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Kila ekseli ina kikomo chake, kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibati hichohicho. Gari linaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla huku ekseli ya nyuma imeshazidiwa.

Ina tofauti gani nikiweka mzigo mbele ya bodi au mwishoni?

Tofauti ni kubwa mno. Chukua gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3. Weka kilo 300 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa mfano kwenye mlango wa bodi ulioachwa wazi. Ekseli ya nyuma haibebi 300 bali 400, na ile ya mbele inapunguziwa 100, kama ubao wa bembea. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinaelekea juu na kuwapofusha wanaokuja, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya sehemu kubwa ya kazi, zinakosa mshiko. Mzigo huohuo ukikaa sentimita 30 mbele ya ekseli ya nyuma, nyuma hubeba 270 na mbele 30.

Kwa hiyo vizito viende karibu na kabini, chini kabisa, katikati ya upana wa bodi, na vifungwe visiteleze ukishika breki.

Fundi ameniongezea springi, na gari haliinami tena. Sasa naweza kuzidisha?

Hapana. Springi zimeinua gari tu. Ekseli, beringi, breki, chesisi na tairi ni zilezile. Hatari ni kwamba dalili ya kuinama, iliyokuwa ikikuonya, sasa imefichwa. Na springi hizo zenyewe zina uzito, unaotolewa kwenye uwezo wako wa kubeba.

Namba 112 kwenye tairi ina maana gani?

Ikiwa baada ya ukubwa wa tairi, ni alama ya uzito: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 108 ni kilo 1,000, na 104 ni 900. Lakini ni pale tu upepo unapokuwa wa kutosha. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila inapozunguka, hupata joto, tabaka zake huachana, kisha hupasuka. Fuata kipimo cha gari lenye mzigo kilichoandikwa na mtengenezaji, upime tairi zikiwa za baridi. Usipunguze upepo njiani kwa kuona umepanda. Joto ndilo limeupandisha.

Nikivuta tela, uzito wake unanihusu?

Sehemu yake, ndiyo. Kwa tela la kawaida, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake hukalia kiungio cha pikapu. Tela la kilo 1,500 linakula kilo 150 hadi 225 za uwezo wako wa kubeba. Ukipunguza kwa kusogeza mzigo nyuma ya tela, tela litayumba. Angalia pia kikomo cha kiungio chenyewe na kile cha pikapu na tela kwa pamoja.

Kilo 100 za ziada kwa safari fupi zina ubaya?

Breki hazijui kama safari ni fupi. Kwenye mteremko mrefu hupata joto hadi zinapoteza nguvu, na mwendo huongeza kazi yake kuliko uzito: kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, nishati ya kuzuia huongezeka kwa asilimia 78. Shusha hizo 100, urudi kuzichukua safari ya pili.