Mshale wa joto umelala, gari limepona?

SWALI: Fundi, hodi. Nina Toyota Premio ya 2005, injini ya 1NZ, nililinunua 2012 na sasa limefika kilomita 260,000. Kila wiki nashuka nalo Mombasa. Lilikuwa likichemsha kwenye foleni ya Mtwapa, fundi akatoa thamostati, kile kilango cha maji ya kupoza injini, akasema huku pwani haina kazi. Tangu hapo mshale wa joto haupandi, ila mafuta linayanywa. Jirani ananishauri niliuze, ati kilomita zimekwisha. Nifanyeje? – Mama wa watatu, Muyeye, Malindi

JIBU: Karibu, dada yangu. Za jirani ziache. Injini ya 1NZ inatumia cheni ya taimingi, haina mkanda wa taimingi wa kukatika, na ikibadilishwa oili kwa wakati wake kilomita 260,000 si uzee. Aliyenikera ni huyo fundi.

Neno hilo la "huku pwani haina kazi" nalisikia mpaka nimechoka. Thamostati haiulizi Malindi kuna jua gani. Inasikiliza maji yaliyo ndani ya injini, na hufunguka yakifika nyuzi 82 hivi. Jua letu la nyuzi 33 halijafika hata nusu ya hapo. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta, pale yanapopozwa, tangu unapowasha gari, na ukishika barabara ya Kilifi na upepo ule, injini haipati joto lake. Kompyuta inaona injini bado baridi, inazidi kumwaga petroli. Ndiyo hiyo unayolipia. Nyingine inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, ringi za pistoni zinasagika. Mwakani jirani atakwambia, "Si nilikwambia?"

Ugonjwa wenyewe hakuugusa. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia linakuonyesha pa kutazama: feni. Likienda, upepo wa njiani unaifanyia feni kazi. Likisimama, feni iko peke yake. Washa gari, lisimamishe mpaka lipate moto, uone kama feni inashika. Isiposhika, tazama fyuzi, rilei (swichi yake ya umeme), mota na sensa ya joto. Ikishika, chungulia mapezi ya rejeta. Sisi wa ufukweni hewa ya chumvi huyala, ukiyagusa kwa kidole yanamomonyoka kama biskuti. Lingekuwa linachemsha mbio barabarani, ningeshuku rejeta iliyoziba ndani au pampu ya maji.

Halafu kifuniko cha rejeta, ambacho watu hukiona kama kifuniko cha sufuria. Kile kinashikilia presha ili maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Mpira wake ukifa, maji yanachemka mapema na kumwagika, na injini nzima haina kosa.

Na umejaza maji gani humo? Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, na injini yako ni ya alumini. Chumvi na alumini havikai nyumba moja. Weka kulanti (dawa ya kupoza injini) ya kweli, iliyochanganywa na maji yaliyoondolewa madini kiwandani, kama yale ya kuongezea betri, wala si asidi yake, si maji ya mfereji yaliyotiwa rangi ya kijani. Nimefungua rejeta nikakuta bizari ya manjano, nyingine ute wa yai, eti kuziba tundu. Mchuzi huo unaziba tundu moja na vijia vyote vya maji pamoja nalo.

Wasomaji wengine mnaosoma hapa, msifurahie mshale uliolala. Maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Kuna waliofika Gongoni wakidhani gari limepoa, kumbe hedi, kichwa cha injini, imeshapinda. Na anayekuuzia oili nzito "ya kuficha moshi" anakuuzia miezi michache tu ya kunyamaza.

Dada, nunua thamostati mpya pamoja na gasketi yake. Safisha mfumo, tengeneza feni. Kisha vuta kijiti cha oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, usiliwashe tena, livutwe mpaka gereji. Na rejeta usiifungue ikiwa na moto, hata fundi akikuhimiza. Ngoja asubuhi.