Udhibiti wa Ubora: Nani Ana Ruhusa ya Kusimamisha Laini?

Vijana wanaoajiriwa idara za ubora hapa Mombasa huniuliza waanzie wapi: ISO 9001 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora), HACCP (mfumo wa kuzuia hatari katika chakula), au watafute cheti gani. Someni vyote. Lakini ukifika kazini, kabla hujafungua faili lolote, uliza hivi: kipimo kikivuka kikomo, nani anasimamisha laini ya uzalishaji, na je, anaweza kuisimamisha bila kumpigia mtu simu? Jibu utakalopewa litakueleza mengi kuhusu kampuni hiyo kuliko cheti kilichotundikwa mapokezi.

Mimi nimefanya kazi na samaki, hasa jodari, katika viwanda vya karibu na bandari ya Kilindini. Jodari hana simile. Nyama yake ina histidini nyingi, moja ya asidi amino zinazojenga protini, na akiachwa kwenye joto bakteria huigeuza ikawa sumu iitwayo histamini. Ikishaingia haitoki. Hata umpike, umgandishe au umtie koponi, iko palepale, na mlaji atawashwa mwili, uso umwive, kichwa kimgonge na moyo umwende mbio. Tena haisambai sawasawa: samaki mmoja huweza kuwa salama na mwenziwe wa kreti hiyohiyo akawa na sumu. Sheria za Umoja wa Ulaya hudai sampuli 9 kwa kila shehena. Wastani usizidi miligramu 100 kwa kilo, sampuli 2 tu ziruhusiwe kuwa kati ya 100 na 200, na isiwepo hata moja ya kupita 200. Sasa chukua vipande 9 katika kontena zima la samaki, kisha uniambie umeshajua hali ya kila mmoja. Huwezi kujua.

Ndiyo maana kumtegemea mkaguzi wa mwisho ni kujidanganya. Udhibiti hukaa pale joto linapopata nafasi ya kuingia: samaki wanapopakuliwa melini, wanapoyeyushwa, wanaposubiri kwenye meza ya kukatia, na stima zinapopotea kabla jenereta haijashika.

Mfumo wowote wa udhibiti, uwe wa kiwanda, benki au hospitali, una mambo manne: kiwango kinachotakiwa, kipimo cha hali ilivyo, kulinganisha hivyo viwili, na hatua inayochukuliwa vikitofautiana. Kampuni nyingi nilizoziona zina matatu ya mwanzo, tena yamepangwa vizuri. La nne halipo.

Katika kiwanda kimoja nilipewa fomu za chumba cha kuyeyushia nizipitie. Joto la nyama lilipimwa kila saa, na kikomo kilikuwa nyuzi 4. Mchana mmoja wa kaskazi fomu ilionyesha 5, kisha 7, kisha 8, na kila mstari una sahihi. Hakuna aliyetia barafu wala kutenga kreti. Dada aliyeandika alikuwa mwaminifu kabisa, kwa kuwa aliandika alichokiona. Ila hakuna aliyewahi kumwambia ni nambari gani imwinue kitini, na supavaiza wake alikuwa akipimwa kwa tani tu. Kumwadhibu yule dada kungekuwa dhuluma.

Tulichobadilisha kilikuwa kidogo. Juu ya fomu tuliandika kikomo kwa maandishi makubwa, na chini yake mambo ya kufanya: simamisha, tia barafu, tenga kreti za saa hiyo, mwite mtu wa ubora. Tukaweka pia kiwango cha tahadhari, nyuzi 3, ili watu washtuke mapema. Kisha meneja mkuu akasimama mbele ya shifti nzima akatamka kwamba anayepima ana ruhusa ya kusimamisha kazi. Siku dada yule alipoisimamisha, mkuu wa uzalishaji alishuka akiwa amekasirika. Meneja akamuuliza jambo moja: "Kipimo kilisoma ngapi?" Tangu hapo wafanyakazi waliamini kwamba ruhusa ile ni ya kweli. Mafunzo yote tuliyokuwa tumeyatoa hayakuwa yamefikia hapo.

Kipimajoto nacho kihakikiwe. Barafu iliyopondwapondwa na kuchanganywa na maji safi isome 0. Maji yanayotokota, kwetu pwani, yasome karibu 100. Nasema kwetu kwa sababu Nairobi, kwa ule mwinuko wake, maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi. Ukiletewa utaratibu ulioandikwa makao makuu huko bara, usiunakili bila kufikiri.

Kosa la upande wa pili ni kushtukia kila kitu. Mwezi Mei 1924 Walter Shewhart, mhandisi wa kampuni ya Western Electric huko Marekani, alimwandikia mkuu wake waraka mfupi wenye mchoro: wastani katikati, kikomo juu, kikomo chini. Alitaka watu watenganishe mtikisiko wa kawaida wa kazi na ule wenye chanzo chake maalumu. Nimeona wapakiaji wakirekebisha mashine kila pakiti ya kilo 1 ikizidi au kupungua gramu chache, na uzito ukazidi kuyumba, kama nahodha anayegeuza usukani kwa kila wimbi. Chora chati kwanza. Nukta zikiwa ndani ya vikomo na hazina mwelekeo, acha mashine. Ukitaka mtikisiko wenyewe upungue, badilisha mtambo, malighafi au namna ya kufanya kazi. Lakini chati hiyo isiguse kikomo cha usalama: nyuzi 4 ya jodari haingojei chati.

Na mameneja, nawaomba mtazame fomu zisizo na doa. Fomu ambayo kila saa inasoma 3.0, kwa kalamu ileile na mwandiko usiobadilika, huenda ilijazwa kwa mkupuo mmoja wakati wa chai. Mtu akikaripiwa kila anapoleta habari mbaya, atakuletea nzuri. Kwenye kikao cha mwezi ulizeni laini ilisimamishwa mara ngapi, chanzo kilikuwa nini, na kimeondolewa vipi. ISO 9001 ya mwaka 2015, kifungu 10.2, inataka hivyohivyo: ushughulikie kasoro, kisha uchunguze chanzo chake ili isirudi. Ikiwa jibu ni sifuri miezi nenda miezi rudi, shukeni chumba cha kuyeyushia na kipimajoto chenu wenyewe.

Wewe uliyeajiriwa juzi, kama hujapewa ruhusa hiyo, iombe kwa maandishi. Ambatanisha hesabu: bei ya barafu na ya saa moja ya laini kusimama, na pembeni yake gharama ya kontena moja kukataliwa ng'ambo, na nauli ya kulirudisha Kilindini au gharama ya kuliteketeza hukohuko. Mpe meneja mkononi, na nakala ubaki nayo.