Mshale uelekee wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha pili, tunakaa Buzuruga, Mwanza. Kwenye swali la 7 − 2x < 13 alipata −3 < x. Akachora mstari wa namba, kiduara cheupe penye −3, mshale kwenda kushoto. Kakosa. Tuisheni walimwambia mshale hufuata upande ambao alama imeelekea. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Hesabu yake ni sahihi na kiduara ni sahihi. Kilichomponza ni hiyo kanuni ya tuisheni. Inakubali pale tu x inapokuwa kushoto kwa alama. Yeye x yake iko kulia: −3 ni ndogo kuliko x, yaani x ni kubwa kuliko −3, basi mshale uende kulia. Aandike kwanza x > −3, ndipo achore.

Hizi njia za mkato ndizo zinazojaza matangazo ya "hesabu kwa siku 7" kwenye nguzo za umeme. Mtoto anapata maswali matano ya mwanzo, anaamini, halafu anakutana na −3 < x ≤ 4. Alama zote mbili zimeelekea kushoto, na jibu halina mshale hata mmoja: ni kipande kutoka −3, kiduara cheupe, hadi 4, kiduara cheusi. Kanuni yao hapo inasemaje?

Apime. Aweke 0 kwenye swali lenyewe: 7 − 0 = 7, ni ndogo kuliko 13, kwa hiyo 0 lazima iwe ndani ya mchoro. Aweke −5: 7 + 10 = 17, imekataa. Nusu dakika tu.

Nyingine wanayofundisha ni "ukihamisha namba, geuza alama". Inayogeuka ni ishara ya namba iliyohama, + kuwa −. Alama ya < hugeuka ukizidisha au ukigawanya pande zote kwa namba hasi: 2 < 5, lakini −2 > −5. Ndiyo maana −2x < 6 inatoa x > −3.

Viduara wengi wanakariri tu. Cheupe maana yake namba hiyo haimo, cheusi imo. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Wa 50 kamili anapita, basi kiduara cha 50 kinapakwa wino. Na swali likisema x ni namba kamili, weka vitone penye −2, −1, 0 na kuendelea, usikoleze mstari. Mtumbwi haupakii abiria wawili na nusu.